Wesley Girls ya Cape Coast: maswali yanayorudi kila mara

Tangu Januari 2025, Ghana ilipoapisha Makamu wa Rais mwanamke kwa mara ya kwanza, watu wameanza kuulizia shule aliyosoma, na maswali ni yale yale tu yanazunguka. Nimeyakusanya hapa nikayapanga kuanzia yale mepesi mpaka yale ya kugombanisha watu. Mimi mwenyewe ni mtu wa bweni, nimelala kitanda cha juu miaka kadhaa, kwahiyo pale nitakapoanza kupiga stori za sanduku na ndoo mnivumilie.

## Mambo ya mwanzo

Hii shule ni ipi na iko wapi?

Jina kamili ni Wesley Girls' High School, iko Cape Coast, mji wa pwani ya Ghana, kama kilomita 145 magharibi ya Accra. Wenyeji Wafante wanauita mji wao Oguaa. Ndo uliokuwa makao makuu ya Waingereza kwenye koloni la Gold Coast mpaka 1877 walipohamia Accra, kwahiyo shule nyingi kongwe za nchi ile zimejazana hapo, yaani mji mdogo lakini kila kona unakutana na watoto wa yunifomu.

Ni shule ya sekondari ya wasichana watupu, ya bweni, na mizizi yake ni kanisa la Methodisti. Kampasi ya sasa iko Kakumdo, pembeni kidogo ya mji.

Mbona wengine wanaiita Wey Gey Hey?

Ni W, G na H, herufi za jina la shule, zikisomwa kwa utani wa kishule. Kwa Waghana hilo jina limezoeleka kuliko jina lenyewe, ukimwambia mtu wa Accra "binti yangu kachaguliwa Wey Gey Hey" hatakuuliza ndo wapi, atakuuliza alipata ngapi.

Ni hii hii Methodist Girls ya Lagos? Au ile ya Singapuri?

Hapana, na hapa ndo watu wanachanganya sana. Wamethodisti walikuwa na tabia moja, wakifika mahali wakijenga kanisa basi shule ya wasichana haichelewi kufuata. Lagos wanayo Methodist Girls' High School ya 1879, Freetown nako kuna yao ya 1880, Singapuri wanayo Methodist Girls' School aliyoianzisha Sophia Blackmore, mmisionari kutoka Australia, mwaka 1887. Ya Cape Coast ni ya 1836, kwahiyo imewatangulia wote hao kwa zaidi ya miaka 40.

Na ndani ya Ghana kwenyewe kuna nyingine, Methodist Girls ya Mamfe huko Akuapem. Hawa ndo wale mabinti walioenda Marekani 2019 na kurudi na ubingwa wa dunia wa mashindano ya roboti ya Robofest. Mara nyingi sifa hiyo wanapewa Wesley Girls kimakosa, jamani mpeni kila mtu chake.

## Historia

Nani aliianzisha?

Harriet Wrigley, mke wa mmisionari George Wrigley. Walitua Cape Coast Septemba 1836 wakitokea Uingereza, na hakupoteza muda, mwaka huo huo akakusanya wasichana nyumbani kwao akaanza kuwafundisha. Hakukuwa na jengo la shule wala dawati, ilikuwa nyumba ya mchungaji na mama mmoja mgeni.

Af Februari 1837 akafariki. Yaani hakumaliza hata nusu mwaka. Mumewe naye akafuata kabla mwaka haujaisha.

Kwani walikuwa wanakufa na nini?

Homa. Malaria na homa ya manjano, na enzi hizo hakuna aliyejua kuwa mbu ndo anahusika. Joseph Dunwell, mmisionari wa kwanza wa Kimethodisti pale, alifika mwanzoni mwa 1835 na kufikia Juni alikuwa kaburini. Pwani ile ya Afrika Magharibi Wazungu wenyewe walikuwa wanaiita kaburi la mzungu na hawakuwa wanatania.

Aliyekuja kudumu ni Thomas Birch Freeman, alifika Januari 1838, baba yake Mwafrika na mama yake Mwingereza. Mke wake alifariki wiki chache tu baada ya kufika, lakini yeye akaishi huko miaka zaidi ya 50. Kanisa la Wesley pale mjini, lililofunguliwa mwaka huo huo wa 1838, ni kazi ya wakati wake.

Sasa kama mwanzilishi alikufa ndani ya miezi mitano, shule ilisimamaje?

Hili ndo swali zuri kuliko yote na ndo watu wachache wanaliuliza. Darasa la Harriet halikufa kwasababu wengine walilichukua, na aliyelibeba muda mrefu zaidi ni Elizabeth Waldron. Huyu hakuwa mgeni wa kuletwa na meli, alikuwa mtoto wa pwani ile ile, wa damu mchanganyiko, anaijua nchi na nchi inamjua. Alikaa na shule ile zaidi ya miaka 30, mpaka kwenye miaka ya 1880 hivi. Fikiria umri wa mtu mzima anayelea wajukuu, huyo mama alikuwa darasani.

Kwahiyo mimi mtu akiniambia "shule ya wamisionari Waingereza" nakubali nusu. Waliofungua mlango ni wao, ila aliyehakikisha mlango haufungwi ni mwanamke wa hapo hapo. Mabweni mawili ya shule yana majina ya hao wanawake wawili, Wrigley na Waldron, na naona ni haki kabisa yakae pamoja.

Wamisionari walijipeleka tu au kuna mtu aliwaita?

Waliitwa. Hapa historia inageuka kidogo tofauti na tulivyozoea kufundishwa. Ndani ya ngome ya Cape Coast, ile ngome ya Waingereza iliyokuwa ya biashara ya watumwa, kulikuwa na shule ndogo ya vijana. Mwaka 1831 kikundi cha vijana waliosoma hapo, akiwemo William de Graft, wakawa wanakutana kusoma Biblia wenyewe bila mchungaji. Walipotaka nakala zaidi wakamwagiza nahodha mmoja wa meli, Kapteni Potter wa Bristol, na yeye akafikisha habari kwa Wamethodisti wa Uingereza kwamba huku kuna watu wanahitaji vitabu na mwalimu. Ndo Dunwell akatumwa.

Angalia hapo, ni vijana wa Kifante walioanza. Wasichana hawakuwemo kwenye kikundi hicho, na ndo maana darasa la Harriet miaka mitano baadaye lilikuwa na maana kubwa.

Mwanzoni walikuwa wanafundishwa nini, ushonaji tu?

Kusoma, kuandika, na ndio, ushonaji na kazi za nyumbani. Lengo la wakati ule halikufichwa: kuwapata wake wema wa Kikristo kwa wale vijana waliokuwa wanaelimika. Wapo wanaoitetea shule kwa kusema ilikuwa ya ukombozi tangu siku ya kwanza, mimi sioni hivyo, wamisionari wa 1836 walikuwa watu wa 1836. Ila msichana ukishamfundisha kusoma huwezi tena kumchagulia cha kusoma, na hilo nadhani hawakulipigia hesabu.

Ikawa sekondari lini?

Jina la high school lilikuja 1884. Baada ya hapo ikapanda na kushuka miaka mingi, mambo ya pesa na walimu, mpaka ilipohamia Kakumdo kwenye miaka ya 1940, vita vikuu vilipokwisha. Huko ikapata eneo la kutosha, mabweni, viwanja, na kuanzia hapo ndo Wesley Girls wanayoijua watu wa leo.

Walimu wakuu waliendelea kuwa wanawake wa Kiingereza kwa muda mrefu hata baada ya uhuru wa 1957. Clarice Garnett alishika kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 60 hadi mwanzoni mwa 80, miaka kama 20, halafu akapokea Rosina Acheampong ambaye alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo hiyo.

Ni kweli ina umri mkubwa kuliko Mfantsipim?

Kweli, kwa miaka 40. Mfantsipim ni shule ya wavulana ya Wamethodisti mji huo huo, ya 1876, ndo alikosoma Kofi Annan aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Wale wa Mfantsipim watakuambia shule yao ndo sekondari ya kwanza ya nchi na wana hoja, maana wenzao wakati huo walikuwa bado hawajafika ngazi ya sekondari. Wale wa Wesley Girls watakuambia sisi tulikuwa tunasoma nyie hamjazaliwa. Huo ubishi hauishi na ukiwa mgeni usiuingilie.

Kauli mbiu yao inamaanisha nini?

Kwa Kiswahili inaenda hivi: ishi kwa usafi, sema kweli, nyoosha palipopinda, mfuate Mfalme. Watu wengi wanadhani ni mstari wa Biblia. Siyo. Imetoka kwenye shairi la Tennyson, mshairi wa Kiingereza, kwenye zile ngano za Mfalme Arthur na mashujaa wake wa farasi na mapanga, na anayeyasema ni kijana mmoja anayetaka kuruhusiwa na mama yake aende kuwa askari wa mfalme. Shule ikayachukua maneno, Mfalme akawa Kristo, na kijana wa kiume akawa binti wa Kifante mwenye nywele fupi. Napenda sana hilo, maneno ya mtoto anayeomba ruhusa ya kuondoka nyumbani.

## Kuingia shuleni

Mtoto anachaguliwaje?

Ghana wanasoma msingi miaka 6, junia miaka 3, halafu sekondari ya juu miaka 3. Mwisho wa junia kuna mtihani wa taifa unaitwa BECE. Alama zinaanzia 1 mpaka 9 na 1 ndo bora, wanachukua masomo sita, kwahiyo mtoto aliyefanya vizuri kabisa anakuwa na jumla ya 6. Ndo maana ile ya juu "atakuuliza alipata ngapi", ukisema sita watu wanapiga makofi.

Baada ya hapo kompyuta ndo inapanga, mtoto anakuwa ameshajaza orodha ya shule anazozitaka. Shule zimewekwa kwenye makundi na Wesley Girls iko kundi la juu kabisa, kwahiyo hata mwenye alama nzuri anaweza kukosa kwasababu wenye alama nzuri ni wengi kuliko vitanda. Ila kuna kitu cha maana: asilimia 30 ya nafasi kwenye shule hizi kubwa zinatengwa kwa watoto waliotoka junia za serikali, la sivyo zingejaa watoto wa shule za kulipia za Accra tupu.

Ada ni kiasi gani?

Tangu Septemba 2017 sekondari za umma Ghana ni bure, bweni na chakula vikiwemo. Bure ya kwenye karatasi lakini, maana mzazi bado ana ile orodha ya vitu vya kununua, na orodha ya bweni mnazijua, soma swali la sanduku hapo chini.

Hivi ni shule ya serikali au ya kanisa?

Zote mbili, na hapo ndo chanzo cha ugomvi wote tutakaoufikia mwishoni. Kanisa liliianzisha, na bado lina sauti kubwa kwenye bodi na kwenye maadili ya shule. Serikali inalipa mishahara ya walimu na ndo inayopanga wanafunzi. Mfumo huu umekuwepo tangu sheria ya elimu ya 1961, wakati wa Nkrumah. Siku za kawaida mambo yanaenda, siku kukiwa na mvutano kila mtu anavuta kamba upande wake.

## Maisha ya bwenini

Wanaenda na nini siku ya kuripoti?

Sanduku mbili. Moja ni la chuma la nguo, hilo hata huku tunalijua, tranka. Lingine ndo la kipekee, ni sanduku la mbao lenye kufuli, la chakula tu, wao wanaliita chop box. Mafundi seremala wa Ghana msimu wa kufungua shule wanazipanga barabarani kama majeneza madogo, samahani kwa mfano lakini ukiziona utanielewa. Ndoo, godoro, shuka, panga la kufyekea, fagio, sabuni ya mche, yote yapo kwenye orodha.

Mimi shule niliyosoma ukikutwa na hata pakiti ya biskuti unapiga magoti mbele ya paredi. Wenzetu wana sanduku zima kwa idhini ya shule! Niliposikia mara ya kwanza niliona wivu wa kweli, umri huu.

Ndani ya hilo sanduku kuna nini?

Gari, shito, maziwa ya unga, sukari, dagaa wa kopo, karanga, maziwa ya chokoleti. Nieleze mbili za kwanza kwasababu ndo uti wa mgongo wa bweni lolote Ghana.

Gari ni mihogo iliyokunwa, ikachachushwa siku kadhaa kwenye gunia chini ya mawe ili maji yatoke, halafu ikakaangwa kavu kwenye sinia kubwa mpaka inakuwa punje punje. Haiozi, haihitaji moto. Usiku njaa ikikamata binti anachota gari kwenye kikombe, anamwaga maji ya baridi, anasubiri kidogo izame, anamwaga yale maji ya juu na makapi yanayoelea, anatia maji mengine, sukari, maziwa ya unga na karanga. Inatakiwa kuliwa mapema, ukichelewa gari inavimba na kunywa maji yote unabaki na uji mgumu. Mwenye haraka anaila ikiwa bado inatafunika.

Shito ni pilipili nyeusi ya mafuta. Mama anakaanga vitunguu, tangawizi, nyanya na pilipili kwenye mafuta mengi, anatia unga wa samaki wakavu na uduvi, halafu anakaa anakoroga kwa moto mdogo saa nzima na zaidi mpaka maji yote yakauke na rangi iwe nyeusi tii. Maji yakibaki, itaota ukungu bwenini na mtoto atakuwa analia kwenye simu ya matroni. Ikiiva sawasawa inakaa muhula mzima bila friji. Ukimjua mama wa nani ana shito nzuri unamjua na rafiki wa kutafuta.

Siku yao inaendaje?

Kama bweni lolote la misheni mlilosoma nyie. Kuamka alfajiri giza, kuoga kwa ndoo, usafi, kila mtu na eneo lake, wengine wanafagia wengine wanafyeka kwa panga, ukaguzi, ibada, chai, vipindi. Mchana chakula na kupumzika kitandani kwa lazima, jioni michezo, usiku prepu, taa zinazimwa. Viranja wana nguvu kweli kweli. Jumamosi ni kufua na burudani, Jumapili ni ibada ndefu.

Wesley Girls wana sifa ya kuwa wakali zaidi ya wengine kwenye hizi ratiba, na wahitimu wao wanajisifia hilo hilo walilokuwa wanalilalamikia.

Kwanini wote wana nywele fupi?

Ni desturi ya shule za umma Ghana nzima, wasichana wananyoa chini, na Wesley Girls siyo wao tu. Sababu inayotolewa ni usafi, usawa na kutopoteza muda wa masomo. Wapinzani wanasema ni mabaki ya ukoloni, mbona mtoto wa Kizungu akiwa shule hizo hizo haguswi. Mwaka 2021 Achimota, shule nyingine kubwa, iliwakatalia vijana wawili wa Rasta kwa ajili ya nywele, wakaenda mahakamani na Mahakama Kuu ya Accra ikawapa ushindi mwezi wa tano. Lakini hiyo ilikuwa hoja ya dini, kwa nywele za kawaida mkasi uliendelea na kazi yake.

Simu je?

Simu za mkononi haziruhusiwi kwenye sekondari za bweni Ghana. Kuna siku za kutembelewa, na kutoka nje ya geti kunahitaji karatasi ya ruhusa.

Wageni wanaonewa kama huku njuka au mono?

Kuna utani na kutumwa tumwa kama kote, kuchotea dada mkubwa maji, kuimba mbele ya bweni. Rasmi imekatazwa. Kwa ninavyoona mfumo wa kumpa mgeni "mama wa shule" kutoka madarasa ya juu unapunguza makali, huyo anakufundisha kutandika kitanda, kuficha funguo ya chop box na kujua ni kiranja gani wa kukwepa.

Ibada ni kwa Kiingereza au Kifante?

Masomo na shughuli rasmi ni Kiingereza. Ila Umethodisti wa Ghana haujakamilika bila nyimbo za Kifante, wana kitabu chao cha tenzi, na kuna utamaduni wa kina mama wasiojua kusoma kuinua wimbo katikati ya mahubiri, anaanza mmoja tu na kanisa zima linaitikia, mchungaji anasubiri. Binti anayetoka familia ya Kimethodisti anakuja shule akiwa nazo kichwani tayari.

## Waliopita hapo

Ni nani maarufu amesoma Wesley Girls?

Wengi, nitawataja wawili tu.

Naana Jane Opoku-Agyemang, ndo huyo aliyesababisha maswali yote haya. Alisoma hapo miaka ya 60 hadi 1971. Mwaka 2008 akawa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Cape Coast, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma Ghana, kisha waziri wa elimu, na 7 Januari 2025 akaapishwa Makamu wa Rais.

Wa pili ni Ama Ata Aidoo, mwandishi, aliyefariki Mei 2023. Akiwa na miaka 15 mwalimu alimuuliza anataka kuwa nani, akajibu mshairi. Hapo Wesley Girls mwalimu wake mkuu akamnunulia taipureta. Tamthilia yake ya kwanza ilichapishwa 1965 akiwa bado kijana mdogo, na miaka ya 80 mwanzoni akawa waziri wa elimu kwa muda mfupi, akajiuzulu alipoona hawezi kufanya alichokusudia. Shule iliyoanza kwa kufundisha ushonaji ikamnunulia binti taipureta, hapo ndo nilipokuwa napazungumzia kwenye swali la ushonaji.

## Maswali magumu

Binti wa Kiislamu anaweza kusoma hapo?

Anaweza na wapo, kwasababu kompyuta inapanga kwa alama, haipangi kwa dini. Tatizo linaanza akishaingia, kwasababu maisha ya shule yamejengwa juu ya ibada za Kimethodisti na wote wanatakiwa kuhudhuria.

Ile kesi ya kufunga Ramadhani ilikuwaje?

Ramadhani ya 2021 ikajulikana kwamba mwanafunzi Muislamu alikataliwa kufunga. Shule ikasema ni utaratibu wake wa siku nyingi, hakuna mwanafunzi wa dini yoyote anayeruhusiwa kufunga akiwa shuleni, sababu za afya, Wakristo nao hawaruhusiwi kwenye Kwaresima. Idara ya elimu ya Ghana ikaagiza wanaotaka kufunga waruhusiwe, wazazi wakiandika barua ya kukubali kubeba jukumu. Kanisa la Methodisti likatoa tamko la kuyakataa maagizo hayo. Nchi ikagawanyika, Waislamu wakisema mishahara ya walimu inatoka kwenye kodi zetu pia, kanisa likisema mlijua ni shule ya nani mlipoijaza kwenye fomu. Baadaye wakili mmoja akaipeleka hadi Mahakama ya Juu, akitumia katiba ya 1992 inayolinda uhuru wa mtu kuishika dini yake na kuionyesha.

Mnataka maoni yangu najua. Hoja ya afya siioni ina uzito, mamilioni ya watoto wa miaka 16 wanafunga kila mwaka kuanzia Zanzibar mpaka Kano na wanafanya mitihani. Hoja ya kanisa kuilinda tabia ya shule yake naielewa zaidi, ila ukishapokea mtoto aliyepangwa na serikali kwa alama zake, umempokea na dini yake.

Si hata Kenya ilitokea kitu kama hicho?

Ndio, na kanisa ni hilo hilo, Methodisti, sema la Kenya. Ilikuwa shule ya kutwa ya mchanganyiko huko Isiolo ambayo kanisa ni mfadhili wake, wasichana Waislamu wakaomba 2014 kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na yunifomu. Mahakama Kuu 2015 ikakubaliana na kanisa. Mahakama ya Rufani 2016 ikageuza, wasichana wakashinda. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaifuta ile hukumu, lakini zaidi kwa sababu za utaratibu, kwamba dai la mzazi halikuingizwa mahakamani ipasavyo, wala siyo kwamba ilisema hijabu haina nafasi. Wengi wanaikumbuka vibaya hiyo.

Huku kwetu kuna shule za wasichana za Wamethodisti?

Kenya zipo. Umethodisti uliingilia pwani, Thomas Wakefield alianzisha kituo Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862, na karne ya 20 ukapanda mpaka Meru. Ndo maana kuna Ribe Girls huko Kilifi na Kaaga Girls huko Meru. Waliosoma Kaaga wana misimamo yao kuhusu baridi ya asubuhi, muwaulize wenyewe.

Nikienda Cape Coast naweza kuingia shuleni kutembea?

Ni shule ya bweni yenye watoto wa watu, haina utalii, getini utaulizwa unamtembelea nani na kama siyo siku ya kutembelewa utarudi. Nenda mjini badala yake. Ngome ya Cape Coast iko wazi kwa wageni, utaonyeshwa yale mahandaki walimofungiwa watumwa, kisha ukitoka pandisha kidogo kwa miguu utalikuta kanisa la Wesley la 1838. Ukibahatika ikawa Jumapili, kaa viti vya nyuma usubiri mama mmoja ainue wimbo.